Taa Niliyoizima

Kama umewahi kufika kwetu Nuu, unazijua njia zetu: unateremka mlima wa mawe, unavuka mto usio na maji, unapanda tena. Mjomba wangu huzipita kwa Honda CG 125 kuukuu, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1976. Mimi, kwa kuwa nasoma Fizikia, ndiye niliyekuwa fundi wa nyumbani. Fundi gani huyo! Endelea kusoma.

Likizo ya Agosti taa ya breki ya nyuma ilianza kuwaka bila kuzimika, hata mjomba asipokanyaga breki. Swichi yake ni kidude kidogo kilichofungwa kwa springi kwenye pedali. Ukikanyaga, springi inavutwa na taa inawaka. Ukiachilia, taa inazima. Nikasema, ah, swichi imekaa vibaya. Nikazungusha nati yake kidogo na taa ikazima. Mjomba akanipa shilingi 50 za soda.

Baada ya siku tatu ikawaka tena. Nikazungusha tena. Mara ya tatu nati ilikuwa imefika mwisho, basi nikachomoa waya. Mjomba aliponiuliza nilimjibu, "Iko sawa sasa, mjomba." Sikumwambia habari ya waya.

Jumamosi moja tulikuwa tunatoka sokoni, mjomba mbele, susu katikati (ndivyo tumwitavyo nyanya kwetu), nami nyuma na kifuko cha ndengu. Najua watatu hawaruhusiwi. Mwalimu wa zamu na anisamehe. Tulipoanza kuteremka, susu akasema, "Mwanakwa, ni nini kinaungua?" Nikamjibu ni watu wanachoma makaa. Hata mimi harufu ile niliisikia, na haikuwa ya makaa.

Mjomba akakanyaga breki. Gurudumu la nyuma likakwama kabisa! Alipoinua mguu, pedali haikurudi. Tukayumba, tukaanguka kwenye mawe, ndengu zikamwagika kote. Mimi nilichubuka goti tu. Susu alivunjika mkono wa kulia, ule wa kusukia vyondo, akafungwa plasta wiki 6.

Fundi wa pale sokoni hakugusa swichi hata kidogo. Aliiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, akailegeza breki, akazungusha gurudumu kwa mkono. Likasimama papo hapo, kwaruu. "Ukizungusha likaenda bure na taa bado inawaka, laumu swichi," alisema. "Likikwaruza hivi, breki imeshika ndani, na taa inakuambia kweli." Jambo la sekunde 10, nami nilikaa nalo wiki mbili.

Kisha akanionyesha kamshale kwenye mkono wa breki, na alama kwenye kifuniko cha habu. Kanyaga pedali mpaka mwisho: mshale ukifikia alama, viatu vya breki vimekwisha. Wetu ulikuwa umeipita. Kumbe kila pedali ilipolegea na mimi kukaza nati ya fimbo ya breki, nilikuwa nausogeza mshale ule bila hata kuutazama.

Alipofungua, viatu vilikuwa vyembamba kama kadi. Viatu vikilika hivyo, ile kemu inayovisukuma hugeuka kupita kiasi na kukataa kurudi. Na yetu ilikuwa kavu, haina grisi, imejaa kutu. Ndiyo maana pedali ilibaki chini kidogo, taa ikabaki inawaka, habu ikachemka. Nikainama nipulize vumbi kwa mdomo. Akanivuta shati! Viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na hakuna aliyejua vyetu ni vya lini. Tulipangusa kwa kitambaa kibichi.

Viatu vipya vikatiwa, kemu ikapigwa msasa na kupakwa grisi kidogo tu. Waya niliurudisha mwenyewe, mbele ya mjomba, na hapo ndipo nilipomwambia yote. Alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akasema, "Nenda kamwambie susu."

Nilikwenda. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, anajaribu kusuka kwa mkono wa kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo yalikuwa si makaa?"