Maji ya Mchicha: Matembezi Yetu katika Bustani ya Wanachuo wa Temeke

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hula mchicha karibu kila siku, lakini ni wachache wajuao umeota wapi. Mchuuzi hupita mlangoni, mama hutoa fedha, fungu huoshwa, huungwa kwa nazi, na habari yake huishia hapo. Sisi tuliazimu kulifuata fungu hilo kinyumenyume, kutoka chunguni hata kwenye tuta.

Tulianzia upande wa Kinondoni, kwenye bonde la Msimbazi. Mto huu huanza katika vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha humwaga maji yake baharini penye Daraja la Salenda. Ardhi ya kando yake ni nyeusi na yenye unyevu, na tangu miaka mingi watu wamelima mboga humo. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne, kwa hiyo mtu mwenye matuta machache tu aweza kulisha nyumba. Yapasa tuwashukuru wakulima hawa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya 5,300,000, na mboga za majani hazistahimili safari ndefu juani. Lazima nyingi zilimwe papo hapo mjini.

Lakini maji! Mto huo hupokea taka za viwanda, za gereji, za machinjio na za vyoo. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza uchunguzi wao juu ya mboga zilizolimwa kando ya mto Msimbazi na mto Sinza. Walipima ndani ya majani yenyewe shaba, zinki, kadimi na risasi. Hayo mawili ya mwisho ni sumu mwilini, na risasi huwadhuru watoto kuliko watu wazima, maana hudumaza akili ingali changa.

Tukiwa na fikira hiyo tulivuka mji mpaka Temeke, kwenye chuo kimoja kilicho karibu na barabara ya Kilwa. Hatukitaji jina, kwa kuwa ni chuo kidogo na watu wake hawapendi kutangazwa. Nyuma ya mabweni wanafunzi wana bustani ilimwayo kwa kilimo hai, yaani pasipo mbolea ya viwandani wala dawa za sumu. Kilimo hiki kina chama chake hapa nchini tangu mwaka 2005, na mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni moja ya mazao yake.

Kazi ya shamba shuleni si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba lake. Nia ilikuwa njema. Ila sisi tuliosoma zamani twakumbuka kwamba jembe aghalabu lilikuwa adhabu ya mchelewaji, na mtu hapendi kitu alichoadhibiwa kwacho.

Hapa tuliona vingine. Baada ya sala ya alfajiri vijana sita wa zamu, wanaume na wanawake, walikuwa wamekwisha kushika ndoo. Mchanga wa Temeke haushiki maji. Ukimwagilia asubuhi, adhuhuri tuta limekauka. Dawa yake ni mboji. Hupanga nyasi kavu, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi ya kuku na majivu kidogo, tabaka juu ya tabaka, na kati huchomeka kijiti kirefu. Kijana mmoja wa Kilwa alikichomoa akatupa tukishike: kilikuwa cha moto kama kijiko kilichotoka chunguni. “Kikitoka baridi, mzee, lundo limelala,” alisema. “Hapo twaligeuza.” Lundo hukaa miezi miwili au mitatu. Wadudu hupigwa kwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, na tuta lililochoka hupandwa marejea, ambayo hufukiwa ingali mibichi.

Ila lililotushughulisha zaidi ni shauri la maji. Tulifika Februari, kiangazi kikali, na kisima cha chuo kilikuwa kimepungua mno. Nyuma ya ua hupita kijito kisichokauka, lakini ni cheusi na chanuka. Baadhi ya wanafunzi walitaka wachote humo, matuta yasife. Binti mmoja wa Tanga alikataa. “Maji yaliyogeuzwa rangi na harufu kwa najisi hatutawadhii,” aliwaambia wenzake, “tutawanyweshaje wale watakaokula?” Mwenzake, mwanafunzi mzuri wa fiqhi, alimjibu kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafii mmea ulionyweshwa maji ya najisi hauwi najisi, huoshwa tu ukaliwa.

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo tunapowaomba akina mama watusikilize vizuri. Kuosha huondoa kilicho juu ya jani. Wadudu wengi wa maradhi huondoka kwa kuosha, na waliosalia hufa kwa moto. Lakini risasi iliyonyweka kwa mizizi imo ndani ya jani, wala kuosha hakuitoi, wala kupika. Swali la tohara lina jibu lake. La sumu ni swali jingine, na twaona si haki kulijibu la pili kwa jibu la kwanza.

Wanafunzi waliamua kwa kura. Kijito kiliachwa. Kati ya matuta kumi na manane, saba tu yanyweshwe kwa maji ya kisima, na mengine yafunikwe nyasi kavu hata masika. Hasara yake ni dhahiri: fedha za mboga ndizo zinunuazo mbegu. Kadhalika mama mchuuzi aliyekuja asubuhi ile aliutazama mchicha wao akasema, “Wanangu, wa bondeni ni mnene kuliko huu.” Alinunua tuta moja akaenda zake. Hakuuliza juu ya maji, na twadhani hakuna mteja aliyepata kumwuliza.

Tulipoaga, yule binti alikuwa akiandika ubaoni zamu ya jioni: ndoo mbili kwa kila tuta, na majina ya watakaozichota.