Safari ya Mbwa kutoka Machakos hadi London

Katika uwanja wa ndege wa Heathrow, ulio magharibi ya mji wa London, iko nyumba moja ambayo abiria wengi hawaijui. Si mahali pa kupokelea watu wala mizigo yao. Ni kituo cha kupokelea wanyama, nacho husimamiwa na halmashauri ya Jiji la London. Kazi yake haikomi usiku wala mchana. Hapo hupita mbwa na paka, samaki wa mapambo, ndege, nyoka, na hata wadudu. Kila mnyama huja na hati zake, na kila hati husomwa kwa makini. Mbwa ambaye hati zake zina kasoro hatoki kwenda nyumbani na mwenyewe, hata akiwa mzima wa afya na mpole kama kondoo.

Mgeni aweza kuona kuwa ukali huo umezidi kiasi. Lakini una sababu yake, na sababu hiyo ni ya zamani.

Uingereza ni kisiwa, na bahari ndiyo ua wake. Zamani ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulikuwako huko pia, na watu walikufa kwa kuumwa njiani. Kwa sheria kali za kufunga mbwa midomo na kuzuia wageni, ugonjwa ulimalizika mwaka 1902. Mwaka 1918, vita vilipokwisha, ukarudi, na inaaminika kwamba uliletwa na mbwa walioingizwa kwa siri na askari waliotoka vitani. Ilikuwa hata mwaka 1922 ndipo ulipoondolewa tena. Tangu hapo, ukiacha virusi vya namna nyingine vilivyo katika popo wa huko, mbwa wa nchi ile hawana maradhi hayo.

Kwa miaka mingi kila mbwa aliyetoka ng'ambo alifungiwa karantini miezi 6. Hata hivyo mwaka 1969, katika mji wa Camberley, mbwa mmoja aliyetoka Ujerumani alimaliza miezi yake yote, akatolewa, na baada ya siku chache akashikwa na kichaa akauma watu wawili. Ikaonekana wazi kwamba kufungia peke yake hakutoshi. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango mpya: badala ya kumfungia mnyama baada ya kufika, sharti athibitishwe kabla ya kuondoka kwao. Mpango huo ulianza na nchi chache, ukaenea, na mwaka 2012 ukarekebishwa ulingane na ule wa nchi nyingine za Ulaya.

Leo nchi za dunia zimegawanywa. Ziko zilizoandikwa katika orodha, ambazo mbwa wake hungoja siku 21 tu baada ya kuchanjwa. Ziko na zile zisizo katika orodha, na Kenya ni mojawapo. Mbwa wa Kenya husafiri kwa njia ndefu.

Chukua, msomaji, mfano wa mama mmoja muuguzi wa Machakos. Katikati ya Septemba apata barua ya kazi katika hospitali ya Uingereza, na kazi yaanza tarehe 5 Januari. Ana watoto wawili, na watoto wana mbwa wao, jina lake Simba. Baba yao alikwisha fariki, na mbwa huyo aliletwa nyumbani na yeye angali mtoto wa mbwa. Kumwacha ni jambo ambalo watoto hawataki kulisikia. Basi mama yule ampeleka Simba kwa daktari wa mifugo tarehe 20 Septemba, naye haoni shaka yoyote, kwa kuwa mkononi ana kadi ya chanjo.

"Daktari, huyu alichanjwa mwezi wa Juni, siku ile ya baraza la chifu. Kadi yake ni hii."

"Ni kweli, mama, na sindano ile inamlinda. Lakini kadi yasema: mbwa dume, rangi ya kahawia. Je, hapa Machakos mbwa dume wa kahawia ni wangapi?"

Hapo ndipo ulipo mlango wa kwanza, na wengi hujikwaa papo hapo. Afisa wa Heathrow hamjui Simba. Kabla ya kuuliza kama mbwa amechanjwa, huuliza kama mbwa huyu ndiye aliyeandikwa katika karatasi. Kwa hiyo sharti mnyama atiwe kwanza chini ya ngozi kidude cha elektroniki kiitwacho maikrochipu, ambacho ukubwa wake ni kama punje ya mchele. Ndani yake mna namba ya tarakimu 15, nayo husomwa kwa chombo maalumu. Kila mfugaji wa ng'ombe aijua maana ya chapa: bila chapa, ng'ombe aliyepotea hana ushahidi. Chanjo iliyotangulia chapa hiyo haihesabiwi katika safari, hata kama ni chanjo njema. Simba achomwa kidude siku ile ile, kisha achanjwa upya.

Mlango wa pili ni damu. Baada ya chanjo sharti zipite siku zisizopungua 30, ndipo damu itolewe na kupelekwa katika maabara iliyokubaliwa. Huko hupimwa nguvu ya kinga iliyomo, na kipimo kisipungue 0.5 kwa kila mililita. Basi damu ya Simba yatolewa tarehe 20 Oktoba, na majibu yarudi mazuri.

Mlango wa tatu ni kungoja, nao ndio mzito kuliko yote. Tangu siku ile damu ilipotolewa, sharti ipite miezi 3 kamili kabla ya mbwa kusafiri. Mama yule ahesabu kwa vidole: Novemba, Desemba, Januari. Siku ya kwanza ya ruhusa ni tarehe 20 Januari. Kazi yamngoja tarehe 5.

Watu wengi huuliza: ikiwa damu imekwisha onyesha kinga, kungoja tena kwa nini? Jibu ni hili. Chanjo humlinda mbwa ambaye hajaambukizwa. Lakini mbwa aliyeumwa na mwenzake mwenye kichaa kabla ya chanjo aweza kubeba ugonjwa kimya kimya kwa majuma mengi, naye anakula, anacheza na kulala kama kawaida. Miezi ile mitatu ni muda wa kumwacha adui aliyejificha ajionyeshe akiwa angali kwao, asije akajionyesha katika nyumba ya watu ng'ambo.

Hesabu ya mama yule ina fundo jingine. Yeye hawezi kutangulia Januari mwanzoni, kisha mbwa akafuata baadaye kwa sheria hizi hizi. Mnyama wa nyumbani hana budi kusafiri katika muda usiozidi siku 5 kabla au baada ya safari ya mwenyewe. Akizidisha, mbwa huhesabiwa kama mnyama wa biashara, na sheria zake ni nyingine. Basi anazo njia tatu: amwache Simba kwa mjomba wa watoto, ampeleke kabla ya muda na kulipia karantini, ambayo yaweza kufika miezi 4, au aiombe hospitali imngojee. Achagua njia ya tatu, na hospitali yakubali aanze mwezi wa Februari. Lakini mshahara wa Januari umekwenda. Ndiyo bei ya kuanza kuchelewa mwezi mmoja tu.

Siku za mwisho ni za mbio. Maombi ya hati hupelekwa katika idara ya mifugo ya Serikali, ambayo makao yake makuu yako Kabete, na cheti cha afya hutiwa sahihi na muhuri wa daktari wa Serikali. Cheti hicho si cha kuwekwa sandukuni: mbwa sharti awe amefika Uingereza katika siku 10 tangu kilipotolewa. Tena sharti daktari ampe mbwa dawa ya tegu na kuandika saa yenyewe. Isiwe chini ya saa 24 wala kupita saa 120 kabla ya kuingia. Dawa hiyo ni kwa ajili ya tegu mmoja wa mbweha ambaye hayuko Uingereza, naye hudhuru ini la binadamu.

Kizimba cha safari nacho kina kanuni. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala bila kubanwa, na chombo cha maji kiweze kujazwa kutoka nje. Mwenye busara humzoeza mbwa wake kulala humo majuma kadhaa mbele. Dawa ya usingizi haishauriwi, maana huko angani yaweza kumdhuru.

Kutoka Embakasi hadi Heathrow ni mwendo wa saa 9 hivi. Mbwa hasafiri na abiria, bali huandikwa kama shehena na kuwekwa katika chumba cha chini chenye hewa na joto. Akifika, huchukuliwa kwa gari hadi ile nyumba isiyojulikana na wengi. Hapo chombo hupitishwa shingoni, namba husomwa, nayo hulinganishwa na kila karatasi: chanjo, damu, tegu, cheti. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa kadhaa, na mama na watoto hungoja nje katika baridi ya Januari. Namba zikipatana zote, mlango hufunguliwa, na Simba hutoka akitikisa mkia, asijue kwamba amehesabiwa siku zake tangu Septemba.

Wahenga walisema, kawia ufike. Lakini katika jambo hili msafiri na awahi kuanza, apate nafasi ya kukawia. Miezi 5 au 6 kabla ya safari si mingi.

Tena, liko jambo kubwa kuliko safari. Ua ule wa Uingereza haukujengwa na bahari peke yake, bali na watu waliokubali taabu ya sheria mwaka hata mwaka. Kenya nayo ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo siku ya chanjo itakapotangazwa penye baraza, na apelekwe pia yule mbwa wa kulinda boma ambaye hatapanda ndege maisha yake yote. Na mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Dalili za ugonjwa zikisha kuonekana, hapana tena dawa ya kutegemewa.