Jinsi tulivyoacha kupangiwa jioni zetu na televisheni

Nyumba yetu hapa Mombasa ina watu watano na televisheni moja. Mume wangu anafanya kazi ya zamu bandarini. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu alipofiwa na mzee, hataki kukosa taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja usiku hata siku moja. Binti yetu ana miaka 14, kitinda mimba ana 7, na kila mmoja ana kipindi chake. Mimi nina duka dogo la kupiga picha na kuchapisha. Nikifunga duka na kufika nyumbani, mara nyingi chungu bado hakijainjikwa.

Wazazi wenzangu mnaijua saa hiyo. Habari ziko hewani, wali uko motoni, hisabati iko mezani. Sauti ya televisheni imepandishwa kwa sababu masikio ya mama mkwe si yale ya zamani, na mtoto anayefanya kazi ya shule anaziba yake kwa vidole. Baba akitoka zamu saa mbili, anakuta kipindi alichotaka kimekwisha, basi anashika simu. Binti akiona rimoti haipatikani, anaomba simu yangu na kuingia chumbani. Kitinda mimba anasinzia kitini akingoja katuni ambazo zilikwisha tangu saa kumi na moja, kabla hajarudi kutoka madrasa.

Mwaka jana nilianza kuhesabu kimyakimya. Katika wiki nzima hatukupata jioni hata moja ambapo sote watano tulikaa chumba kimoja tukitazama kitu kimoja na kukizungumzia. Husemwa kwamba televisheni inavunja mazungumzo ya familia. Kwetu kilichoyavunja kilikuwa ratiba yake. Kituo kilikuwa kimetupangia nani ale saa ngapi, nani asome saa ngapi, na nani akose.

Hamu ya kutazama kipindi kwa wakati wetu wenyewe si ya leo. Sony ilitoa mashine ya Betamax mwaka 1975, mwaka uliofuata JVC ikaleta VHS, na baadaye deki na mikanda ikaingia majumbani hata huku kwetu. Kampuni za filamu Marekani ziliishtaki Sony, zikidai kwamba mashine hiyo inawasaidia watu kunakili kazi zao bila idhini. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwezi Januari 1984 majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba mtu kurekodi kipindi ili akitazame baadaye nyumbani kwake si kosa.

Katika kesi hiyo alitoa ushahidi Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi mashuhuri cha watoto. Yeye alisema kwamba vituo vingine vilirusha kipindi chake saa ambazo baadhi ya watoto hawakuweza kukitazama, na kwamba familia kuweza kukirekodi ni msaada wa kweli. Alipinga watu kupangiwa maisha yao na wengine. Niliposoma habari hiyo nikaona huyu bwana angeielewa nyumba yetu.

Siku hizi mikanda imekwisha, lakini kazi ile ile inafanywa na vitu vitatu. Nitavieleza kwa lugha ya kawaida, kwa sababu mafundi huvieleza kama kwamba wanaongea na mafundi wenzao.

Cha kwanza ni kisanduku cha diski kinachounganishwa na ruta ya nyumbani, ambacho wengi hukiita NAS. Ni kama kabati la data la nyumba nzima: kila simu, kompyuta au televisheni iliyo kwenye mtandao huo wa nyumbani inaweza kufungua droo zake. Dukani nilikuwa nacho cha zamani cha diski mbili, nilichokuwa nikihifadhia picha za harusi za wateja. Nilipopata kikubwa zaidi, hiki kikaja nyumbani.

Cha pili ni kipokezi cha mawimbi, kinachochomekwa waya wa antena ile ile ya paani. Kuna vipokezi vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la USB, na kuna vinavyounganishwa na ruta kwa waya wa mtandao. Ukienda kununua, uliza kwanza kama kinapokea DVB-T2, kwa sababu ndio mfumo wa matangazo ya dijitali unaotumika Kenya. Vile vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vinatumia mfumo mwingine na huku havitakufaa kitu. Na kama kisanduku chako ni cha Synology, jua kwamba kuanzia toleo la 7 la programu yake kuu, vipokezi vya USB vya televisheni havitambuliwi tena. Ndiyo maana nilichukua cha kuunganishwa na ruta, aina ya HDHomeRun.

Cha tatu ni programu yenyewe ya kurekodi. Sisi tunatumia Tvheadend, ambayo ni ya bure. Inakaa ndani ya kisanduku, inazungumza na kipokezi, na wewe unaiagiza kupitia kivinjari cha simu au kompyuta. Kutazama tunatumia Kodi, programu nyingine ya bure, iliyo kwenye televisheni.

Mume wangu hakukubali mara moja. "Kipokezi kitanunuliwa kwa pesa zipi? Karo kwanza," alisema, na alikuwa na haki. Tuliafikiana kwamba karo ya muhula ilipwe yote, na pesa za kipokezi zitoke katika tulizokuwa tukitumia kwa bando za simu jioni. Ilichukua miezi minne. Kwa asiye na kisanduku, simshauri akimbilie kukinunua kwa ajili ya televisheni peke yake. Kompyuta ya zamani iliyolala kabatini, au kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi pamoja na diski ya nje, vinaifanya kazi hiyo hiyo.

Likizo ya Aprili mimi na binti yangu tukakaa mezani tukaiweka. Kutafuta vituo kulichukua dakika chache, kisha orodha ikajitokeza. Vituo vya bure ndivyo vinavyorekodika. Vya kulipia vimefungwa kwa kadi na havifunguki kwa njia hii. Tuliafikiana pia kwamba tunachorekodi ni cha kutazamwa hapa nyumbani. Hatukipakii mtandaoni wala hatumgawii mtu.

Jambo linalotaka uangalifu zaidi ni saa. Programu za aina hii mara nyingi huanza na saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Usipochagua Nairobi katika mipangilio, utaiagiza habari za saa moja usiku nayo itaamka saa nne. Tena inaandika 19:00 mahali ambapo sisi husema saa moja. Binti alichukua karatasi akaandika saa za Kiswahili upande mmoja na za mashine upande wa pili, akaibandika ukutani kwa ajili ya nyanya yake. Mama mkwe aliisoma akacheka: "Kumbe hii mashine yahitaji kufundishwa saa kama mtoto wa chekechea."

Vipindi navyo havianzi wala kumalizika kwa dakika ile iliyotangazwa. Kwa hiyo tumeiambia ianze kurekodi dakika 5 kabla na iendelee dakika 15 baada. Ni afadhali kuwa na matangazo ya biashara mwanzoni kuliko kukosa mwisho wa mchezo wa kuigiza.

Kuhusu nafasi, kipindi cha saa moja chenye picha ya kawaida hula karibu gigabaiti 1, na chenye picha kali hula mara mbili au zaidi. Diski ya terabaiti 2 inabeba mamia ya saa. Kuhusu stima, kisanduku chetu kinakula kama wati 20. Kikiwaka usiku na mchana, hiyo ni yuniti 14 hivi kwa mwezi. Stima ikikatika ghafla diski inaweza kuharibika, basi tumekiwekea betri ya akiba. Na kwa kuwa joto la huku na hewa ya chumvi si rafiki wa vyuma, hakikai ndani ya kabati lililofungwa. Kiko kwenye rafu ya ukumbini panapopita upepo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani kila mzazi alifikirie kabla ya kuanza. Kanuni za utangazaji za Kenya zinavitaka vituo viweke vipindi vinavyofaa familia kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Vya watu wazima vingoje watoto walale. Huo ni ua ambao umejengwa na saa. Mashine ya kurekodi inauruka ua huo bila kujua: filamu iliyorushwa saa tano usiku inakaa kwenye orodha, na saa kumi alasiri mtoto wa miaka 7 anaweza kuibonyeza. Kwa hiyo ua inabidi ujengwe upya na mzazi. Tvheadend inaruhusu kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri, na kila jina lipewe vituo vyake tu. Tulifanya hivyo siku ya kwanza, na kisanduku chenyewe hakifunguki kutoka nje ya nyumba, kwa sababu picha za familia nazo zimo humo.

Binti hakufurahia. "Mama, sasa wewe ndiye umekuwa kituo cha televisheni," aliniambia. Nilifikiri sana juu ya maneno hayo, maana yalikuwa na ukweli. Kama tulikuwa tumekataa kupangiwa na kituo, ilikuwaje nimpangie mimi peke yangu? Tukakaa kikao, baba akiwa hayuko zamu, tukatunga sheria tatu. Kila mtu anachagua vipindi viwili kwa wiki, hata kitinda mimba. Kila jioni tunatazama kimoja pamoja, baada ya chakula na kazi za shule. Na kikishatazamwa kinafutwa.

Sheria ya tatu ndiyo ilileta mabishano, lakini ndiyo imetuokoa. Bila hiyo, orodha inakua kama deni. Unaona vipindi 60 vinakungoja na unaanza kuvitazama ili uvimalize, si kwa sababu unavitaka. Basi programu imeagizwa: kisichotazamwa kwa siku 14 kinaondoka chenyewe. Kama hakuna aliyekikumbuka kwa wiki mbili, hakuna aliyekihitaji.

Matunda makubwa yametoka nisikotarajia. Mama mkwe sasa anatazama habari saa tatu kasorobo, nasi tukiwa tumeshakula. Rimoti iko mkononi mwake, na amegundua kwamba mtangazaji anaweza kusimamishwa. Pale asiposikia vizuri anarudisha nyuma. Pale asipokubaliana anasimamisha kabisa na kutueleza mambo yalivyokuwa. Wiki chache zilizopita ilitajwa habari ya reli. Akasimamisha akatusimulia alivyosafiri na mzee kwenda Nairobi kwa treni, usiku kucha, wakiwa wachumba wapya. Mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo. Habari zilibaki zimeganda kwenye kioo kwa dakika 20 na hakuna aliyezidai.

Binti naye amepata mwalimu. Neno asilolijua likitajwa anauliza, na nyanya yake anampa maana pamoja na methali yake. Mwalimu wake wa Kiswahili aliniuliza nimemtafutia nani wa kumfundisha jioni.

Yako ambayo mashine haiwezi. Mpira wa kurekodiwa hauna ladha, kwa sababu jirani keshapiga kelele za bao. Na zamu za bandarini hazirekodiki: ziko wiki ambazo baba anarudi sote tumelala, akajitazamia peke yake kile alichowekewa. Asubuhi anamwuliza kitinda mimba maswali ya kipindi hicho wakati wa kumvalisha sare, na yule mdogo anajibu kwa fahari kama mtu aliyefika kwanza. Hiyo si sawa na kukaa pamoja. Lakini hapo zamani, asubuhi kama hiyo ilikuwa haina la kuzungumzwa ila viatu na daftari.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia usianze na fundi. Chukua wiki moja uhesabu: ni nani anakosa nini, kwa sababu ya saa ya nani. Huenda ukagundua kwamba nyumba yako inahitaji tu kuzima televisheni saa moja na kuiwasha saa mbili. Ukigundua kwamba inahitaji zaidi ya hapo, kaa na mwanao mkubwa mezani muiweke pamoja. Kwangu, siku zile mbili za Aprili tulizokaa bega kwa bega tukitafuta vituo zilikuwa siku ambazo binti yangu alizungumza nami zaidi kuliko muhula mzima.