Manjano ya Ukambani

Macho ya mgonjwa huweza kugeuka manjano kwa sababu nyingi: virusi vya ini, malaria kali, mrija wa nyongo ulioziba, sumu. Tabibu hawezi kuzitenganisha kwa kumtazama mgonjwa tu. Ndiyo maana wagonjwa wa namna hiyo walipozidi Makueni na Kitui, katika Ukambani nchini Kenya, mwaka 2004, wengi wakifa, kazi ya kutafuta chanzo iliangukia maabara, ambako mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa akipata riziki yake.

Vifaa havikuwa vingi. Damu ilipozungushwa kwenye sentrifuji, seramu iliyojitenga juu, ambayo kwa mtu mwenye afya huwa ya manjano hafifu, ilionekana yenye rangi nzito kama chai ya rangi. Bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo, ilikuwa juu mno. Slaidi isiyo na vimelea vya malaria nayo ilikuwa jibu. Asiyejua thamani ya “hakuna” hajaijua kazi ya maabara. Vipimo vya virusi navyo viliondoa dhana ya mlipuko wa kuambukizana, na hapo wakakumbukwa waliokufa Machakos mwaka 1981 kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, inayotengenezwa na kuvu.

Kupima mahindi kuna ugumu wake, pengine kuliko kupima damu. Sumu haienei sawasawa ndani ya gunia: punje chache huweza kubeba karibu yote, na anayechota kiganja kimoja juujuu huenda akaandika kwamba chakula ni salama. Kwa hiyo huchotwa juu, katikati na chini, mafungu yakachanganywa na kusagwa, ndipo unga kidogo upimwe. Baadhi ya mahindi ya eneo hilo yalikuwa na aflatoksini B1 hadi sehemu 4,400 kwa bilioni, ilhali kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa 20. Kati ya sampuli 350 zilizochukuliwa madukani na sokoni, zaidi ya nusu zilivuka kiwango hicho.

Kisha damu ikarudiwa. Wagonjwa 40 walilinganishwa na watu 80 wasiougua, na maabara ya CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ikapima sumukuvu iliyoshikamana na albumini, protini ya damu. Wagonjwa walikuwa nayo zaidi. Waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikuwa hatarini zaidi, na virusi vya homa ya ini B vilionekana kwa wagonjwa mara nyingi kuliko kwa wasiougua.

Sumukuvu haina dawa ya kuitangua, kwa hiyo majibu hayo hayakuleta tembe mpya wodini. Yalielekeza swali kwa ndugu wa mgonjwa: mahindi yaliyobaki nyumbani yako wapi, na nani mwingine anayala? Lilikuwa swali gumu katika msimu wa uhaba, kwa watu ambao isyo na muthokoi, vyakula vya mahindi, ndio mlo wao. Kumwambia mama amwage gunia bila kumpa jingine ni maneno matupu, na serikali ililazimika kugawa chakula mbadala. Hadi tarehe 20 Julai walikuwa wameorodheshwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa.

Sumu ilirudi mwaka 2005 na 2006. Wachunguzi waliootesha kuvu kutoka kwenye mahindi ya eneo hilo waliona kwamba aina yenye sumu kali ndiyo iliyotawala. Dawa ya shambani Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, hutumia jamaa za kuvu hiyo zisizotoa sumu, zinazomwagwa shambani kabla ya mavuno ili ziwahi nafasi kabla ya zenye sumu.