Kasubi, Kijiji Kilichomo Jijini

Mtu atokaye katikati ya Kampala kwa barabara ya Hoima, mwendo wa maili tatu hivi, hufika kilima cha Kasubi. Jiji limekizingira pande zote. Lakini avukapo Bujjabukula, nyumba ya lango iliyoezekwa kwa nyasi, hujikuta kijijini. Kuna migomba na mashamba madogo, vijumba vya walinzi, na wanawake walioketi kwenye mikeka wakitunza makaburi ya wafalme kwa zamu.

Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake hapo mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo, na baadaye Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili wakalazwa kando yake. Jumba hilo, Muzibu-Azaala-Mpanga, lina pete 52 darini kwa idadi ya koo za Buganda. Kazi ya kuliezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega.

Miaka mingi sisi tulifundisha Kiswahili mjini hapa kama mtu anayeomba radhi. Wanafunzi walituambia kuwa hiyo ni lugha ya askari, nasi hatukuwa na jibu. Siku moja tuliwapeleka Kasubi. Tulipokwisha kuvua viatu na kuketi mbele ya pazia la nguo ya magome, mzee mmoja alituuliza tunafundisha nini. Tulimjibu kwa sauti ndogo. Akacheka, akasema, "Mbona mwaona haya, wanangu? Aliyelala nyuma ya pazia hilo alikisema."

Maneno hayo yalitufedhehesha, kwa kuwa tulikuwa tumeyasoma chuoni tukayasahau. Wafanyabiashara kutoka Unguja walifika Buganda tangu enzi ya Suuna, babaye Mutesa. Mutesa mwenyewe alijifunza Kiswahili na herufi za Kiarabu. Na Stanley alipomzuru mwaka 1875, mazungumzo yao yalipitia lugha hiyo. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya baraza na ya kusoma kabla hakijawa lugha ya kambi.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba liliteketea. Wengi walilia wakidhani yamekwisha. Lakini waezekaji wa Ngeye walikuwa na ujuzi wao, wakawarithisha vijana. Na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Ndugu walimu, nyasi huungua. Ujuzi uliofundishwa haungui. Tangu siku ile hatuombi tena radhi darasani. Mwanafunzi akituambia kuwa Kiswahili ni mgeni katika Buganda, twamwambia avae viatu vyepesi, vya kuvulika upesi, tukapande naye kilimani.