Mstahiki Meya wa Kitanda cha Chini

Najua kimya kimekuwa kirefu, lakini tesiti zilikuwa zimebana na nyinyi wenyewe mnajua wiki zile zinavyokuwa. Sasa zimepita. Tunasubiri matokeo, tunasubiri bumu, yaani kwa kifupi tunasubiri. Wakati wa kusubiri wengine wanalala, wengine wanamaliza tamthilia ya Kikorea msimu mzima kwa usiku mmoja. Mimi najenga mji.

Waliowahi kupita chumbani kwetu wanajua ninachozungumzia, maana pale wananiita Mstahiki. Gemu lenyewe ni SimCity 4, lilitoka mwaka 2003, wakati wengi wetu tulikuwa hata kutambaa hatujajua. Kompyuta yangu ni ya mtumba, magemu mapya haiyawezi, ila hili inalibeba bila kulalamika. Wiki hii watu watatu wameniuliza kwa nini miji yao inafilisika, nikaona bora niandike hapa mara moja.

Kwa wasiojua historia: jamaa mmoja Mmarekani, Will Wright, alitengeneza gemu la helikopta inayolipua visiwa, Raid on Bungeling Bay, lililotoka 1984. Akajikuta anafurahia zaidi kuvichora vile visiwa kuliko kuvilipua. Akaanza kusoma mambo ya mipango miji, kikiwemo kitabu cha Jay Forrester wa MIT kiitwacho Urban Dynamics cha mwaka 1969, ambacho kilijaribu kuuweka mji mzima kwenye hesabu za kompyuta. Matokeo yake ni SimCity ya kwanza, mwaka 1989. Hakuna adui, hakuna mshindi. Unapewa ardhi na pesa, basi, pambana.

Haya, tuanze.

Kwanza, anza mdogo. Una aina tatu za viwanja: kijani ni makazi, bluu ni biashara, njano ni viwanda. Chini kuna mistari inayoonyesha watu wanataka nini. Ukiona kijani kimepanda, gawa makazi kidogo. Njano ikipanda, gawa viwanda kidogo. Usigawe kwa sababu una pesa, gawa kwa sababu kuna mahitaji. Wengi wanafilisika kwa sababu siku ya kwanza wanaweka polisi, zimamoto, hospitali na shule tatu kwenye mji wa watu mia mbili. Jamani, pesa inayoua mji siyo ya kujengea, ni ile ya kila mwezi. Ni kama bumu tu. Godoro unanunua mara moja, lakini chakula na vocha vinakula kila siku.

Pili, umeme kwanza, maji ya bomba baadaye. Nyumba fupi fupi za mwanzo zinaota bila bomba. Ukitaka ghorofa ndipo maji yanakuwa lazima. Usikimbilie kuchimba mabomba mji mzima wakati wananchi wako bado ni wa nyumba za chini.

Tatu, viwanda weka pembeni kabisa mwa ramani. Mji wa mwanzo unavutia viwanda vichafu, hakuna jinsi, ndivyo vinavyotoa ajira. Lakini moshi unasambaa kwa duara, kwa hiyo kiwanda kikiwa mpakani sehemu ya moshi inaishia nje ya ramani. Najua siyo uungwana kwa jirani. Ila usikiweke mbali mno na makazi pia, kwa sababu watu wakisafiri muda mrefu kwenda kazini wanahama, na nyumba zao zinabaki magofu meusi. Ukiona magofu wakati umeme na maji vipo, usilaumu kodi. Angalia barabara.

Hapo kwenye barabara ndipo nina neno.

Mchezaji wa kawaida anajenga barabara nyembamba, mji unakua, foleni inaanza, anachukua tingatinga anavunja safu nzima ya nyumba ili aweke barabara pana. Bonyeza mara moja, vumbi kidogo, kwisha. Gharama yake ndogo kiasi kwamba kwenye bajeti huioni. Waliokuwa mle ndani wameenda wapi? Gemu halikuambii.

Nyumba niliyokulia iliwekwa X nikiwa darasa la tano. Rangi nyekundu, ukutani, pembeni ya dirisha la jikoni. Barabara ilikuwa inapanuliwa. Sitaki kuingia kwenye mjadala wa nani alistahili fidia na nani hakustahili, hayo wakubwa waliyazungumza mpaka wakachoka. Ninachokumbuka ni kwamba mama aliendelea kufagia ule uwanja kila asubuhi mpaka siku ya mwisho, na tulipohama aliondoka na milango na mabati. Tukahamia mbali, nikabadilisha shule. Barabara sasa ipo, ni nzuri, nami nikienda nyumbani napita juu yake kwa daladala. Sisemi isingejengwa. Nasema mtu angeweza kuiwazia miaka thelathini nyuma.

Kwa hiyo mbinu yangu ya nne ni hii: siku ya kwanza, kabla ya nyumba hata moja, chora barabara kuu na uache pembeni yake safu ya miraba mitupu. Barabara ya kawaida inachukua mraba mmoja, ile pana yenye miti katikati inachukua miwili. Safu ile panda miti, weka bustani, watu wapumzike. Siku foleni ikianza unapanua bila kumgusa mtu. Tangu nianze kucheza sijavunja nyumba ya mtu kwa ajili ya barabara, na mji wangu mkubwa una watu zaidi ya laki mbili. Wenzangu wanasema napoteza ardhi. Sawa.

Tano, shule. Hapa mwalimu mtarajiwa lazima niongee kwa kirefu, mnivumilie.

Ukibonyeza juu ya shule unaona inabeba wanafunzi wangapi na waliopo wangapi. Kuna kidude cha kuvuta kushoto na kulia kinachopanga pesa ya shule ile. Mwanzoni shule ina nafasi nyingi na wanafunzi wachache, kwa hiyo punguza pesa mpaka nafasi ziwe zaidi kidogo ya wanafunzi waliopo. Hapo unaokoa hela nyingi. Lakini kila baada ya muda rudi uangalie, maana mji unakua. Wanafunzi wakizidi nafasi, shule inashuka daraja, na ukiendelea kubana walimu wanagoma. Kweli kabisa, wanatoka nje na mabango. Mwenzangu wa kitanda cha juu alipoona kwa mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini: "Yaani nyie walimu hata kwenye kompyuta mnagoma!" Nikamwambia, siyo walimu, ni meya ndiye hajapiga hesabu.

Sasa kitu kinachowashinda wengi ni subira. Ukijenga shule leo, mji haubadiliki kesho. Waliokwisha kuwa watu wazima bila kusoma hawageuki kwa sababu umejenga shule ya msingi. Maktaba na makumbusho vinawasaidia kiasi tu. Inabidi watoto wapite, wakue, waingie kazini. Miaka inakwenda, pesa inatoka kila mwezi, na ule mstari wa elimu unapanda kama konokono. Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, alifunga shule zake zote kwa sababu aliona hazileti kitu. Mji wake mpaka leo ni moshi mtupu. Mwenye subira anaona siku moja viwanda vya teknolojia vinaanza kuota vyenyewe, visafi, na ofisi ndefu zinafuata.

Baba yangu mdogo huwa ananiuliza kila likizo kwa nini nilichagua ualimu, wakati pointi zangu zingeniingiza kwenye kozi yenye hela. Namheshimu, kwa hiyo huwa nacheka tu na kumwongezea chai. Jibu langu ni ule mstari wa konokono, lakini utamwelezaje mzee mambo ya gemu?

Sita, kodi. Mchezo unaanza na asilimia 9, na unaweza kwenda kuanzia 0 mpaka 20. Usipandishe zote kwa pamoja. Kila tabaka na kila aina ya kiwanda ina kodi yake. Elimu ikishapanda, viwanda vichafu vipandishie mpaka asilimia 20, vitaondoka vyenyewe taratibu na kuacha nafasi kwa visafi. Ila usifanye hivyo kabla ajira mpya hazijafika, utaua kazi za watu na wataondoka.

Saba, vishawishi. Mji ukiyumba kifedha zinakuja ofa: pokea jalala la taka za sumu, pokea gereza, pokea kasino, tukulipe kila mwezi. Pesa ni tamu. Kama umebanwa kabisa chukua moja, iweke kona ambayo huna mpango nayo, na ukipata nafuu iondoe. Ukishaizoea hiyo pesa, mji mzima utajipanga kuikimbia ile kona.

Wenye kompyuta zenye nguvu wanacheza Cities: Skylines ya mwaka 2015, ya kampuni ndogo ya Finland, Colossal Order. Mawili tu kwa hao. Bomba la majitaka liwe chini ya mkondo wa mto na la kuvuta maji liwe juu, vinginevyo mtakunywa mlichokitoa. La pili, msigawe makazi makubwa kwa siku moja. Wanaohamia pamoja wana umri unaokaribiana, kwa hiyo watazeeka pamoja na kufa pamoja, na magari ya maiti hayatatosha. Gawa kidogo kidogo, umri uchanganyike.

Lakini wandugu, tusilewe. Kuna kijana wa Ufilipino, Vincent Ocasla, naye alikuwa mwanafunzi, wa usanifu majengo. Mwaka 2010 alionyesha mji alioujenga kwenye SimCity 3000, akauita Magnasanti, wenye watu wapatao milioni 6. Hesabu zote zilikuwa sawa. Hakuna barabara hata moja, usafiri ni treni za chini ya ardhi, polisi kila mahali, na wakazi wake hawavuki sana miaka 50. Mwenyewe alitaka tuone hiyo hatari, kwamba unaweza kushinda gemu na mji usiwe mahali pa kuishi.

Na kuna vitu SimCity haivijui kabisa. Hakuna machinga. Hakuna mama ntilie. Hakuna mtu anayejenga chumba kimoja mwaka huu, cha pili mwakani akipata hela. Kwenye gemu hakuna nyumba inayoota mahali ambapo meya hajagawa. Kwetu nyumba inaanza, meya anafuata nyuma akiwa na ndoo ya rangi nyekundu.

Nayasema haya kwa sababu mazoezi ya kufundisha yanakuja na mimi nimepanga kufundisha mada ya makazi, kwenye Jografia, kwa kutumia mchezo huu. Nilikopangiwa hakuna kompyuta za wanafunzi, kwa hiyo natengeneza wa karatasi. Kila kikundi kinapata karatasi ya miraba na maharage ishirini, ndiyo pesa. Nyumba, kiwanda, barabara, shule, kila kimoja kina bei. Shule inakula harage moja kila raundi na hairudishi kitu mpaka raundi ya sita. Nataka nione ni vikundi vingapi vitaifunga kabla ya hapo.

Sheria moja nimeshaiandika na sitaiondoa hata mkaguzi akisema inapoteza muda. Kikundi kitakachotaka kuvunja nyumba, kwanza kiandike jina la mwenye nyumba na idadi ya watoto wake, halafu kimtafutie mraba mwingine ulio karibu na shule. Bila hivyo tingatinga haliondoki.

Ambacho sijakipata bado ni namna ya kuwaingiza machinga. Mwenye wazo aje chumbani, maharage mabichi yapo ya kufanyia majaribio. Yaliyoiva njooni na sahani zenu.