Habari za Mabomba ya Tangi la Samaki

Tangu muhula huu uanze, kila anayeingia katika maabara ya Baiolojia huuliza swali lile lile: kwa nini tangi la samaki lina mabomba mawili ya kushushia maji, na moja ni kavu siku zote? Wengine wamekwisha kusema hadharani kuwa ni kuchezea fedha za Chama cha Sayansi. Bwana Mhariri amenipa nafasi ya kujibu, nami nitajibu kwa kirefu, maana nilikuwa mmoja wa vijana wanne tuliofanya kazi ile, na ikifika mwisho wa Novemba sitakuwapo hapa shuleni.

Kwanza nieleze tangi lenyewe. Lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika, kwa mtu wa Arusha aliyekuwa akihama nyumba. Lori lililopeleka vitunguu saumu vya Mbulu sokoni ndilo lililolileta, kwa njia ya Karatu, likiwa limebanwa katikati ya magodoro, na dereva alikwenda pole pole kama mtu aliyepakia mayai. Lilifika bila ufa. Urefu wake ni sentimita 120, upana 45, na kimo 50. Chini yake kuna tangi dogo la sentimita 80 kwa 35, ambamo hukaa pampu na vitu vya kuchujia maji.

Katika tangi la namna hii maji huzunguka usiku na mchana. Kwenye pembe moja ya tangi la juu kuna chumba chembamba cha kioo, chenye meno juu kama ya kitana. Maji hufurika juu ya meno yale, huingia chumbani, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini, hupita katika sponji na mawe, kisha pampu huyasukuma juu tena kwa bomba jingine. Bomba la kupandisha lina mashine. Bomba la kushusha halina kitu ila uzito wa maji yenyewe. Mawe yale si pambo. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria waishio juu ya mawe huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, isiyo kali sana. Viumbe hao wadogo huhitaji oksijeni, kwa hiyo maji yakisimama muda mrefu wao huanza kufa, na samaki huwafuata. Mawe yetu ni mepesi, yenye matundu mengi, mawe ya volkano. Aliyaleta mwenzetu wa Kidato cha Tatu kutoka kwao Katesh, chini ya Mlima Hanang.

Babu yangu, ambaye maisha yake yote ni ng'ombe, nilipomsimulia habari hizi wakati wa likizo alicheka mpaka akatoa machozi. Akasema, "Mjukuu wangu, sisi tunapeleka mifugo kwenye maji. Ninyi mnapeleka maji kwa mifugo!"

Basi tangi liliwashwa na mabomba yake ya zamani, na mambo mawili yakaonekana upesi. Jambo la kwanza lilikuwa kelele. Bomba la kushushia lilikuwa likivuta maji na hewa pamoja, likikoroma kutwa nzima, na Mwalimu akawa hana budi kupaza sauti kama mnadani. Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Kila umeme ulipokatika usiku, asubuhi tulikuta sakafu ya maabara imejaa maji. Ilitokea mara tatu katika majuma mawili. Msisahau kuwa huo ulikuwa mwezi wa Julai, mvua imekwisha kitambo, na maji ya tangi huchotwa kwa ndoo kwenye bomba la chini karibu na jiko. Waliochota ni vijana wa Kidato cha Kwanza, katika baridi ile ya Mbulu mnayoijua, mikono imekufa ganzi.

Mara ya tatu Mkuu wa Shule alikuja mwenyewe. Akatazama nyaya za umeme zilizopita ukutani, akatazama maji, akauliza tangi lina faida gani hata tuhatarishe watoto wa watu. Mwalimu wetu wa Baiolojia akamjibu kwa habari ya vyura wa Kihansi, na kwa kuwa wengi hawakuwapo nitaieleza. Vyura hao wadogo waliishi mahali pamoja tu duniani, katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, wakitegemea manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipojengwa, maji ya korongoni yalipungua mno. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, wakafugwa ndani ya matangi. Korongoni kwenyewe walitoweka, na mwaka 2009 ilitangazwa kuwa hakuna tena aliyebaki porini. Lakini wale wa matangini waliongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 wa kwanza walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako kumewekwa mabomba ya kunyunyizia maji. Mwalimu akamaliza kwa kusema kwamba kwa miaka ile yote uhai wa taifa zima la vyura ulining'inia kwenye mabomba na pampu, na mtu aliyejua kuziangalia.

Mkuu wa Shule alinyamaza kidogo. Kisha akatoa hukumu: tupewe majuma matatu, yakimwagika maji mara moja zaidi, tangi litauzwa.

Tulianza kwa kalamu, si kwa msumeno. Bomba la kurudishia maji lilikuwa limeingizwa ndani ya tangi la juu mpaka sentimita 12 chini ya uso wa maji. Pampu ikifanya kazi hakuna neno. Lakini umeme ukikatika, bomba lile lile hugeuka kuwa mrija wa kunyonya, na maji hurudi chini kupitia pampu hadi mdomo wa bomba upate hewa. Kila sentimita moja ya tangi la juu ni lita 5.4, kwa hiyo sentimita 12 ni karibu lita 65. Ongeza lita 5 hivi zilizomo chumbani na mabombani, jumla 70. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya sentimita 11 tu, yaani lita 31. Lita 39 hazikuwa na pa kwenda. Ni ndoo mbili kasoro lita moja, na ndivyo tulivyokuwa tukikamua kwa matambara kila mara. Nakiri kuwa sijapata kuona hesabu ya darasani iliyonifurahisha kama ile.

Tulikwenda kwa fundi wa bomba mjini, mzee mwenye duka dogo karibu na stendi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Mmevunja nini?"

Tukamweleza. Yeye akashauri tuweke vali ya kuzuia maji yasirudi, ile yenye kilimi kinachofunguka upande mmoja. Tukainunua, tukaifunga kwenye bomba lile lile la zamani, tukazima umeme kwa makusudi, sisi wenyewe tumesimama pale na ndoo na matambara. Siku ya kwanza haikupitisha hata tone. Siku ya tano chembe ya mchanga ilikwama kwenye kilimi, na maji yakarudi kama kawaida; tukaziba bomba upesi kwa mkono. Simlaumu fundi, maana kwenye mabomba ya nyumba maji huwa hayana mchanga wala uchafu wa samaki. Lakini tangu siku ile siamini kifaa chochote kinachotaka kiwe safi ili kifanye kazi. Tuliiondoa vali, tukafupisha bomba mpaka mdomo wake ukawa sentimita 2 tu chini ya uso wa maji. Sasa umeme ukikatika hurudi lita 10.8 na zile 5, jumla hazifiki 16, na nafasi tunayo ya 31. Mdomo ulioinuliwa hauna kilimi cha kukwama.

Kwa mambo mengine fundi alikuwa hazina. Alitukataza kabisa viungo vya shaba, kwa kuwa shaba huyeyuka kidogo kidogo na kuwadhuru samaki. Kila kitu kiwe plastiki. Alitufundisha kuweka yunioni, kiungo kinachofunguliwa kwa mkono, juu na chini ya kila bomba, ili siku ya kusafisha tusihitaji msumeno. Akasema pia bomba lifungwe kwenye meza kwa vibanio, lisining'inie kwenye kioo, maana kioo hakijui kupinda.

Kuondoa mabomba ya zamani kulituchukua siku mbili. Yalikuwa yamegandamana kwa gundi na chokaa nyeupe. Tulilainisha chokaa kwa siki, tukakata bomba mbali na kioo, kisha tukafungua viungo taratibu. Mipira yao ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma, tukaweka mipya, kila mpira upande wa ndani wa kioo wenye maji. Gundi tuliiacha ikauke siku nzima, tukasuuza mara tatu. Bomba la kurudishia lilikuwa na viwiko sita. Sisi tulibakiza vitatu. Zamani ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 60, sasa hujaa kwa 48, pampu ikiwa ile ile. Ni lita 1,500 kwa saa badala ya 1,200.

Nafika kwenye bomba kavu. Sakafuni mwa kile chumba cha kioo kulikuwa na matundu mawili ya kushushia maji, ila mwenye tangi wa kwanza alikuwa ameliziba moja. Ili kuondoa kelele, tuliweka koki kwenye bomba la kwanza, tukaipunguza mpaka maji yakasimama juu ya mdomo wake na hewa ikakosa kuingia. Kelele zilikwisha papo hapo. Watatu tuliona kazi imekwisha. Yule wa Katesh akakataa. Alisema bomba lililobanwa kwa koki likizibwa na jani moja, pampu itaendelea kupandisha maji mpaka yamwagike juu ya kingo. Akataka tundu la pili lifunguliwe, liwekewe bomba lenye mdomo sentimita 5 juu zaidi ya lile la kwanza, lisilo na koki wala kizuizi chochote.

Mmoja wetu akamwambia fedha zilizobaki ni kidogo, na bomba hilo litakaa bure. Akajibu kwa sauti ya chini, "Maji yakikosa njia yao, hutafuta yenu." Hakuna aliyebisha tena. Sithubutu kulinganisha tangi la samaki na msiba wa tarehe 3 Desemba 2023, siku tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu wengi. Lakini yeye alikuwapo, na sisi hatukuwapo. Mimi nikamkumbuka bibi yangu huko Kainam, ambaye kwenye bonde la viazi vitamu huchimba mifereji kabla ya kuinua matuta, jua likiwaka na majirani wakipumzika. Tulinunua bomba.

Wanaosema halifanyi kazi waje umeme unaporudi. Bomba la kwanza huwa limejaa hewa, nalo huchukua dakika moja hivi kuitoa. Katika dakika hiyo ni bomba la pili linaloshusha maji yaliyozidi, kisha hukauka tena. Na Jumapili ya pili ya Septemba jani la jamii ya magugu maji lilipita juu ya meno, likakaa juu ya mdomo wa bomba la kwanza. Hakuna mtu aliyekuwapo maabara. Wote tulikuwa makanisani na wengine uwanjani. Tuliporudi jioni tulisikia mkoromo ule wa zamani, tukakimbia. Maji yote yalikuwa yakishuka kwa bomba la pili, na sakafu kavu. Mkuu wa Shule alipita baadaye, akapapasa sakafu kwa kiatu, akaenda zake bila neno.

Perege walioko sasa ni 23. Wakati wa baridi hawali sana, kwa sababu maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hupoteza hamu, kwa hiyo msiwarushie makombo ya ugali. Kidato cha Tatu wamekabidhiwa ufunguo na daftari la vipimo. Kila Alhamisi baada ya michezo huzima pampu kwa dakika kumi na kuandika maji yamesimama wapi katika tangi la chini. Anayetaka kuona anakaribishwa. Koki yenye rangi nyekundu haiguswi.